Utambulisho wa Kompyuta Usifungwe Kwenye Ubao Wake

Seva ni kompyuta inayozihudumia kompyuta nyingine katika mtandao. Ndani yake mna ubao mkuu, ambao juu yake hupachikwa kichakataji na kumbukumbu. Ubao huo ukiungua, fundi huutoa akaweka mpya. Kwa mtazamo wa haraka, kazi hiyo haina tofauti na kulitia jembe mpini mpya. Hata hivyo, seva ikiwashwa tena, huenda baadhi ya programu zikakataa kufanya kazi, ingawa diski zote ni zilezile.

Sababu ni kwamba sehemu ya utambulisho wa mashine haimo katika diski. Tuchukue mfano wa anwani ya Etheneti. Ina biti 48: biti 24 za kwanza humtaja mtengenezaji, na zilizobaki huitofautisha mashine moja na nyingine. Pale ambapo mlango wa mtandao umejengwa katika ubao, anwani hiyo huondoka pamoja na ubao. Programu ambayo leseni yake imefungwa kwa namba ya zamani huiona seva hiyo kuwa ngeni.

Kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani ilipotoa kompyuta ya SPARCstation 1 mwaka 1989, ilitunza utambulisho huo katika chipu ndogo yenye betri yake, iliyochomekwa bila kulehemiwa. Fundi aliichomoa kutoka ubao mbovu akaichomeka katika mpya, na mashine ikaamka na utambulisho wake wa awali. Dosari ilikuwa betri: ilipokwisha, utambulisho ulifutika, na aliyekuwa ameuandika kando ndiye aliyeweza kuurudisha bila taabu.

Siku hizi kompyuta nyingi zina chipu ya usalama iitwayo TPM, ambayo aghalabu hulehemiwa katika ubao au huwamo ndani ya kichakataji. Chipu hiyo huweza kulinda ufunguo wa diski iliyofungwa kwa maandishi ya siri. Mpango huu una hekima, kwani mwizi akichukua diski peke yake haambulii kitu. Lakini ubao ukibadilishwa, mwenye mali naye huweza kufungiwa nje. Katika mfumo wa BitLocker wa Microsoft, namba ya kufufulia yenye tarakimu 48 ndiyo humwokoa.

Kwa maoni yetu, utambulisho ni mali ya mwenye mashine, wala si kiungo cha ubao. Watengenezaji hawana budi kuweka njia halali ya kuuhamisha. Nasi tusingoje hitilafu. Shule yenye seva inayotunza alama za wanafunzi iandike mapema anwani za mtandao, namba za leseni na namba za kufufulia, kisha ilifungie daftari hilo kabatini, mbali na seva. Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari.