Kinachochelewesha treni ya Kigoma si mashini peke yake

Tangu Julai 2024, msafiri anayepanda treni ya umeme pale Dar es Salaam anafika Dodoma kwa muda wa saa tatu mpaka nne. Habari hiyo ilifika Kalemie, Baraka na Uvira mbio kuliko treni yenyewe. Mfanyabiashara wa huku anapovuka ziwa mpaka Kigoma, haikuti pale. Anakuta reli ya zamani, ile iliyofika Kigoma mwaka 1914, na safari ya kilometa 1,250 hivi mpaka baharini. Siku zote zikienda vizuri, safari inapita siku moja na nusu. Ukipiga hesabu, ni kilometa 30 na kitu kwa saa. Mtu wa baiskeli mwenye miguu ya nguvu, kwenye lami nzuri, hangeachwa mbali sana.

Jibu linalosikika mingi sokoni ni kwamba mashini zimezeeka: walete vichwa vipya vya treni, mambo yatatengemaa. Ni kweli kwa sehemu. Lakini treni haiendi peke yake barabarani sawa na lori. Haiwezi kumpita mwenzake popote inapotaka. Kwenye reli moja, mwendo wako unaamuliwa na yule aliye mbele yako, na yule anayekuja kukutana na wewe.

Mfano uko palepale Dar es Salaam. Oktoba 2012 mji huo ulianzisha treni za mjini, za kubeba wafanyakazi na wanafunzi asubuhi na jioni. Wakaaji walizipa jina la «treni ya Mwakyembe», kwa sababu Harrison Mwakyembe ndiye aliyekuwa waziri wa uchukuzi. Hazikujengewa reli yao. Moja ilipewa reli ya TAZARA, nyingine ikawekwa kwenye reli ya kati, toka gare ya mjini mpaka Ubungo Maziwa. Baadaye ikaongezwa ya kwenda Pugu, na Pugu iko kwenye njia ileile ambayo treni ya Kigoma inaingilia na kutokea mjini.

Hakuna wa kulaumu hapo. Mji wenye foleni ya magari namna ile, na reli iko tayari katikati yake, ungekuwa ujinga kuiacha ilale. Ila kuna bei yake, na anayelipa ni yule anayetoka mbali.

Chukua mfano wa kilometa 20. Treni ya mjini inasimama kila kituo, watu wanashuka, wengine wanasukumana kupanda: inatumia dakika 50. Treni ya mbali haisimami, ingetumia 25. Ikitoka nyuma ya ile ya mjini dakika tano tu, itaikuta njiani na kutambaa nyuma yake mpaka mwisho. Kusudi isiikute, inapaswa kungoja karibu nusu saa kabla ya kuondoka, na muda huo wote reli inakaa wazi bila kitu. Kwa hiyo treni mbili za mwendo tofauti zinakula nafasi ambayo ingetosha treni tatu ao nne za mwendo mmoja. Shefu wa gare akiona hivyo, na watu elfu wanangoja kwenda kazini, unajua ni nani atakayeambiwa asubiri.

Tena hiyo ni upande mmoja tu. Reli ya kati ya zamani ni njia moja: treni ya kwenda na ya kurudi zinapishana tu kwenye vituo vyenye njia ya pembeni. Vituo hivyo vikiwa mbalimbali kilometa 15, na mwendo ni kilometa 30 kwa saa, anayefika amechelewa dakika tano anaweza kukosa zamu yake na kungoja nusu saa nzima. Kule mbele atamchelewesha mwingine, na huyo naye mwingine. Ndiyo maana kasoro ndogo ya asubuhi karibu na Dar inaweza kusikika Tabora usiku.

Tanzania ilichagua dawa kubwa: kujenga reli nyingine kabisa, yenye upana wa milimita 1,435 badala ya 1,000, ya umeme, ya mwendo wa kilometa 160 kwa saa, pamoja na gare zake. Treni za mbio hazigusani tena na za polepole. Kama ufundi ni hapo hapo, na nani angekataa. Lakini ni dawa ya pesa nyingi na ya miaka mingi. Kazi ya Dar–Morogoro ilianza 2017, na wasafiri wa kwanza walipanda 2024. Mkataba wa kipande cha Tabora–Kigoma ulitiwa sahihi Desemba 2022. Mama anayenunua nguo na vyombo Kigoma kwa kuuzisha Kalemie atategemea reli ya zamani kwa muda bado.

Ndiyo maana dawa ndogo zisidharauliwe. Kurefusha njia ya kupishana kusudi treni ndefu ya mizigo iingie yote. Kuongeza njia ya pili kwenye kilometa chache za mwisho tu, pale msongamano ulipo. Kupanga treni ya mbali ifike mjini kabla ya wafanyakazi kuamka ao baada ya wao kufika kazini. Haya hayapigwi picha siku ya kukata utepe, lakini yanarudisha masaa. Kuna wanaopendekeza kusimamisha treni ya mbali nje ya mji, halafu wasafiri wamalizie kwa treni ya mjini. Kwenye karatasi ni sawa. Kwa mtu mwenye begi moja ni sawa pia. Kwa mama mwenye magunia matatu ya ndagala na mtoto mgongoni, hapana.

Wa-Uswisi ndio walioelewa hilo mapema. Mwaka 1987 raia wao walipigia kura mpango wa reli ulioanza na saa, si na mashini: kwanza waliamua treni zikutane gare gani na dakika gani, kisha wakajenga tu pale ambapo saa hizo zilikuwa hazitimiziki. Mpango ulikamilika Desemba 2004. Toka Zürich mpaka Bern ikawa chini ya saa moja, kwa sababu saa moja ndiyo iliyohitajika ili anayeshuka akute treni nyingine inamngoja. Inchi tajiri, ndiyo. Lakini kupanga saa kabla ya kununua mashini si jambo la utajiri.

Kuna adui mmoja ambaye saa haimtishi: maji. Kati ya Kilosa na Gulwe reli ya kati inafuatana na mto Mkondoa, na mvua ikizidi mto unabomoa tuta na kukata njia. Sehemu hiyo imejulikana kwa miaka mingi. Pesa ya Benki ya Dunia ilisaidia kutengeneza reli toka Dar mpaka Isaka, lakini mto haujui mkataba. Njia ikikatika pale, hakuna kitakachofika Kigoma kwa reli, hata ungekuwa na vichwa mia vipya.

Kwa upande huu wa ziwa hali ni nyingine, ila swali ni lilelile. Reli ya SNCC iliyofika Kalemie mwaka 1915 iko na upana wa milimita 1,067. Wagoni ya Kigoma haiwezi kutembea juu yake hata ingevushwa kwa bwato. Mzigo lazima ushushwe na kupakizwa upya. Na toka Kalemie kwenda Kabalo, kisha Kindu ao Kamina mpaka Lubumbashi, ni njia moja vilevile. Huku hakuna treni za wafanyakazi wa mjini za kugombania nayo. Kule kusini, anayepita mbele ni madini. Treni za shaba zinalipa vizuri, msafiri analipa kidogo, na kwenye njia moja anayelipa kidogo ndiye anayeingizwa pembeni kungoja.

Matokeo yake yalionekana Machi 2022 kule Buyofwe, katika teritware ya Lubudi, jimbo la Lualaba. Treni iliyoanguka bondeni ilikuwa ya mizigo. Watu zaidi ya 70 walikufa, wengi wakiwa wamepanda bila ruhusa juu ya wagoni. Viongozi waliwaita wasafiri wa kujificha. Lakini mtu hapandi juu ya wagoni ya mizigo kwa kupenda. Anapanda kwa sababu treni yake haijulikani itapita lini.

Sasa reli ya Kolwezi kwenda Dilolo inatafutiwa pesa kwa ajili ya njia ya Lobito, na ng'ambo ya ziwa reli mpya ya Uvinza–Musongati inaanza Burundi, na mpango wake unataja kuendelea mpaka Uvira na Kindu, vita ikiruhusu. Katika mikataba hiyo yote mazungumzo ni ya tani. Kuna mambo mawili ambayo wabunge wa majimbo haya wangeweza kuuliza kabla ya sahihi, na hayagharimu hata franka moja: treni ya wasafiri imepewa siku gani na saa gani ambazo treni ya madini haiwezi kuzichukua? Na ikichelewa, ni nani atakayesimama pembeni ili ipite?