Mgonjwa Asinyimwe Hadithi ya Huzuni

Siku hizi si ajabu kumkuta mgonjwa kitandani akisikiliza riwaya kwa simu, vipokea sauti vikiwa masikioni. Mgonjwa wa figo anayesafishwa damu hukaa kwenye mashine takriban saa nne, kwa kawaida mara tatu kwa wiki. Muda huo humtosha kusikiliza riwaya fupi nzima. Aliyefanyiwa upasuaji wa macho, au aliyedhoofika mikono asiweze kushika kitabu, hufaidika vivyo hivyo. Vitabu vya sauti vina asili katika mahitaji ya namna hiyo. Huko Uingereza huduma yake ilianza mwaka 1935 kwa ajili ya wasioona, wakiwemo askari waliopofuka katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia.

Ubishi huzuka pale mgonjwa anapochagua riwaya ya tanzia. Ndugu humsihi asikilize vichekesho, na muuguzi huhofia kwamba atavunjika moyo. Nia yao ni njema, lakini hoja yao ina kasoro. Anayeumwa hahitaji kitabu kimjulishe kwamba maumivu yapo. Anachokosa, mara nyingi, ni mtu wa kuyazungumza naye bila kuyakwepa.

Leo Tolstoy alilionyesha jambo hilo katika Kifo cha Ivan Ilyich, kilichochapishwa mwaka 1886. Hakimu anaumia ubavuni, na maumivu yanazidi siku hadi siku. Madaktari wanajadili iwapo kasoro iko kwenye figo au kwenye utumbo, ilhali yeye anataka kujua kama hali yake ni ya hatari. Jamaa wanaendelea kujifanya kwamba atapona, na uongo huo unamtesa kuliko kitu kingine chochote. Anayempa nafuu ni Gerasim, kijana mtumishi mwenye asili ya shamba, anayemsafisha bila kinyaa, anayemshikilia miguu mabegani usiku, na asiyeficha kwamba bwana wake anakufa. Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo huelekezwa kwa mgonjwa, lakini inawahusu pia wanaomzunguka. Kumnyima hadithi ya aina hiyo kwa hofu ya kumhuzunisha ni kuingia katika kundi la jamaa wa Ivan Ilyich.

Mhudumu wa afya naye ana la kujifunza kwa kusikiliza. Anayesoma kwa macho ni rahisi kuruka ukurasa unaomchoma. Anayesikiliza huongozwa na sauti ya msomaji, neno kwa neno, akakaa na maumivu ya mwenziwe hadi mwisho. Hayo ni mazoezi ya subira, na subira ndiyo hupungua katika kliniki yenye foleni ndefu, ambako mgonjwa hukatizwa kabla hajamaliza kueleza kilichomleta.

Hata hivyo, si kila tanzia inamfaa kila mtu kwa kila wakati. Katika Anna Karenina ya Tolstoy, na katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1971, mhusika mkuu anajiua. Mgonjwa mwenye sonona hafai kuachwa peke yake usiku na simulizi kama hizo. Ikiwapo dalili ya kukata tamaa, mhudumu amwulize waziwazi kama ana mawazo ya kujiua; swali hilo halimpandikizii mtu mawazo hayo. Akikiri, asiachwe peke yake, na apatiwe msaada wa afya ya akili mara moja.

Kwa wengine, kinachohitajika ni uandamani. Muuguzi anayepita kupima shinikizo la damu anaweza kumwuliza mgonjwa amefikia wapi katika hadithi, na ni mhusika gani anayemwonea huruma. Aghalabu mgonjwa ataanza kwa kumzungumzia mhusika, kisha taratibu atajizungumzia yeye mwenyewe. Hapo muuguzi avute kiti, aketi, amsikilize.