Neno "Utazoea"

Katika mabishano yahusuyo kompyuta hakuna neno lililofunika makosa mengi kuliko neno "utazoea". Mtu akaaye kwa mara ya kwanza mbele ya mfumo endeshi mpya hutafuta njia ya kufungulia kazi yake asiione. Hutafuta njia ya kuizima mashine asiione. Akilalamika huambiwa na mafundi ya kwamba mkono wake ungali mgeni, na siku chache zitamponya. Jibu hili lina sura ya hekima, lakini aghalabu ni uvivu wa mwenye kujibu.

Windows 8, iliyotolewa na Microsoft tarehe 26 Oktoba 2012, ni shahidi wa kutosha. Tangu Windows 95 kitufe cha kuanzia kilikaa katika pembe ya chini, upande wa kushoto, hata mtoto akakijua. Kikaondolewa. Badala yake ulitandazwa ukurasa wa vigae vya rangi ulioenea kioo kizima, uliobuniwa uguswe kwa kidole, hali watumiaji wengi walikuwa na kipanya na kibodi mezani. Kuizima mashine kulitaka kupeleka kipanya pembeni, kungoja utepe ujitokeze upande wa kulia, kuchagua mipangilio, kisha alama ya umeme, ndipo amri yenyewe ionekane. Programu za mtindo mpya hazikuwa na alama ya kufungia. Zilikokotwa kutoka juu ya kioo hadi chini, kama tanga lituliwalo. Internet Explorer ilikuwa na makao mawili ndani ya mashine moja, moja katika vigae na moja katika meza ya zamani, kila moja na desturi zake. Nao watengenezaji walijua ya kuwa wameficha milango, maana mtumiaji alipoingia mara ya kwanza alionyeshwa picha za kumfundisha kupeleka kipanya pembeni!

Watetezi walisema nyakati zimebadilika. Ni kweli, iPad ilikuwa imetoka mwaka 2010, na vidole vilikuwa vimeanza kushindana na kipanya. Walakini haja ya mwenye kibao haimfanyi mwenye meza kuwa na kibao.

Si kila lalamiko la siku ya kwanza lina haki. Aprili 2010 Ubuntu 10.04 ilihamisha vitufe vya kufungia dirisha kutoka kulia hadi kushoto, zikazuka kelele nyingi. Hapo "utazoea" lilikuwa jibu la haki: vitufe vilionekana, kazi yao ilikuwa ile ile, na mkono uliokosea leo ungepata kesho. (Vilirudishwa kulia katika toleo la Oktoba 2017, na bila shaka walikuwapo waliokwisha kuzoea kushoto.) Kitu kilichohamishwa huzoeleka, kilichofichwa hakina cha kuzoewa mpaka mtu mwingine akuonyeshe kilipo. Asiyeipambanua tofauti hii hana haki ya kumwita mlalamikaji mvivu.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Aliyeutengeneza mfumo kwa miaka mitatu hawezi tena kuuona kama auonavyo mgeni, na mgeni mwenyewe hatauona hivyo baada ya juma moja. Ushahidi wa saa ya kwanza haupatikani mara mbili, na ajabu ni kwamba ndio utupwao kwanza, kwa kuwa mtoaji wake hana ujuzi.

Toleo la majaribio la Windows 8 lilikuwa mikononi mwa umma tangu Februari 2012, na malalamiko yakasikika mapema. Mfumo ukauzwa vivyo hivyo. Kitufe kilirudi Oktoba 2013 katika toleo 8.1, lakini ukikibonyeza kilikupeleka kwenye vigae vile vile. Alama ya kufungia programu ilikuja Aprili 2014. Menyu yenyewe ilirejea tarehe 29 Julai 2015, katika Windows 10, na kwa muda huo wote wengi walionunua kompyuta mpya dukani waliukuta mfumo ule ndani yake, bila ya kuulizwa.