Kansa Si Uchawi

Ndugu wazazi na wanafunzi wa Mushasha, tuache kusingizia majirani. Mtu akipata kansa ya ini tunauliza nani kamroga. Hatuulizi alikula nini. Karanga na mahindi yaliyoota kuvu huweza kuwa na sumu ya aflatoksini, na kupika hakuimalizi. Mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B hatari yake huzidi sana. Hata hivyo tunasaga zilizooza, eti tusipate hasara! Hasara gani inayoshinda ini? Sigara nayo huleta kansa ya mapafu, na moshi wake humfikia mtoto aliyekaa kando ya baba. Tukaushe mazao vizuri, yenye kuvu tuyatupe, watoto tuwachanje. Kumzulia jirani uchawi ni dhulma, na mgonjwa huchelewa kufika hospitali.