Kabla ya Kununua Kiti Kingine

Mradi wa afya ya meno ukiandikwa Kenya siku hizi huanza na ramani. Turkana, Marsabit na Tana River hupakwa rangi nyekundu. Nairobi hupakwa kijani, kwa kuwa huku ndiko walikojazana madaktari wa meno. Kisha huja ombi la fedha, na karibu kila kinachoombwa ni dawa ya umbali: gari lenye kiti cha meno ndani, kamera ya mdomoni inayomtumia picha daktari aliye mjini, programu ya simu ya kuweka miadi. Sina ugomvi na ramani. Ugomvi wangu ni na kile inachotumiwa kuhalalisha, na ushahidi ninao hapa Eastlands, Nairobi.

Huku umbali haupo. Anayeishi Kayole, Umoja au Pipeline humfikia daktari wa meno kwa nauli ya matatu moja, na wakati mwingine kwa miguu, ghorofa ya kwanza juu ya duka la M-Pesa. Hospitali ya Mama Lucy Kibaki ilifunguliwa 2011. Hospitali ya meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi iko ng'ambo ya tao. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu milioni 1.6 katika Embakasi na Njiru pekee, na wenye kliniki za kibinafsi wanaijua hesabu hiyo kuliko serikali. Hata hivyo watu wanakaa na meno yaliyotoboka miaka nenda miaka rudi, wakimeza vidonge vya kemisti na kubana karafuu, hadi usiku ule uvimbe unapofunga jicho. Kama kuwa karibu na daktari kungetosha, Eastlands ingekuwa imepona zamani.

Utafiti wa kitaifa wa afya ya kinywa uliotolewa na Wizara ya Afya 2015 ulikuta kwamba karibu nusu ya watoto wa miaka mitano, asilimia 46.3, meno yao yalikuwa yameshashambuliwa na uozo. Kwa watu wazima ilikuwa asilimia 34.3, na ufizi unaotoka damu ulikutwa kwa karibu kila mtu mzima, asilimia 98.1. Uozo hufuata sukari, na sukari imefika kila kioski, cha Dandora na cha Lodwar.

Kinachomzuia mtu wa Eastlands ni hesabu. Fundi wa Kariobangi Light Industries, au mama anayefulia watu nguo Buruburu, hulipwa kwa siku aliyofanya kazi. Kuziba jino mapema ni kutoa pesa na nusu siku kwa ajili ya kitu kisichomsumbua leo, na kodi ya nyumba inamsumbua leo. Jino likianza kuuma, mara nyingi uozo umeshafika kwenye mshipa, na hapo atatajiwa bei mbili. Kutibu mzizi ni eksirei, kurudi kliniki mara mbili au tatu, kisha kuvisha jino kofia. Kung'oa ni mara moja, kwa sehemu ndogo ya pesa hizo, na kesho yake yuko kazini. Anang'oa. Ningekuwa yeye ningeng'oa pia. Kamera ya mdomoni ingemsaidia nini hapo? Ingempelekea daktari picha safi kabisa ya jino linalokwenda kung'olewa.

Teknolojia inayobadili hesabu hiyo ipo, na moja ilizaliwa hapa jirani. Katikati ya miaka ya 1980, Mholanzi Jo Frencken, akiwa katika shule ya meno ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alianza kuwazibia meno watu wasiokuwa na umeme wala maji ya bomba, kwa vifaa vya mkono tu. Uozo laini hukwanguliwa, tundu likajazwa saruji ya meno iitwayo glasi ionoma, ambayo huganda kwenye jino na kuachia floridi kidogo kidogo. Hakuna keekee, na kwa kawaida hakuna sindano ya ganzi. Tundu la upande mmoja wa jino likizibwa hivyo hudumu miaka. Lile lililokula pande mbili halidumu sana, na asiyelisema hilo anauza tu. Shirika la Afya Duniani, WHO, liliinadi mbinu hii 1994. Miaka zaidi ya 30 imepita, nasi bado tunaandika maombi ya magari.

Nyingine ni dawa ya kupaka, maji yenye madini ya fedha na floridi. Tone moja hutosha meno kadhaa. Huzuia uozo usiendelee, na mtoto haogopi kwa kuwa hakuna kinachomchoma. Mwaka 2021 WHO iliiingiza katika orodha yake ya dawa muhimu, pamoja na glasi ionoma na dawa ya meno yenye floridi, ile ambayo sisi sote huiita Kolgeti hata ikiwa ya kampuni nyingine. Katika shule za New York watafiti walilinganisha watoto waliopakwa na wauguzi wa shule na waliopakwa na wataalamu wa meno; matokeo yaliyotolewa 2024 hayakuonyesha tofauti. Kwa nchi yenye wauguzi wengi na madaktari wachache wa meno, huo ndio utafiti wa kuubandika ukutani.

Dawa hiyo ina aibu yake: hugeuza sehemu iliyooza kuwa nyeusi tititi. Kwenye magego ya utotoni si neno. Kwenye meno ya mbele, mzazi ana haki ya kuonyeshwa picha kabla hajakubali, na ana haki ya kukataa. Nimewasikia wapanga miradi wakisema watu wa mitaani hawatajali rangi. Watajali. Msichana wa Maringo anataka kucheka bila kuziba mdomo kwa kiganja, sawasawa na wa Lavington.

Kuna wanaoona kwamba kukwangua jino kwa mkono ni tiba ya maskini, na kwamba mashine ni haki ya kila mtu. Nawaelewa. Jipu la taya, jino lililokwama, mzizi ulioharibika, vyote vinahitaji kiti, umeme, kompresa na daktari. Vinunuliwe. Lakini kiti kikitangulia, hukaa bila kazi. Mwaka 2015 serikali ilikodisha mitambo ya hospitali 98 kwa mkataba wa miaka saba uliotarajiwa kugharimu takriban shilingi bilioni 38. Haikuwa ya meno. Ilikuwa ya upasuaji, figo, eksirei na wagonjwa mahututi. Uchunguzi wa Seneti wa 2020 ulisikia habari za mitambo iliyolala kwa kukosa wataalamu, umeme au hata chumba cha kuiweka. Kiti cha meno kitalala vivyo hivyo siku glovu na ganzi zitakapokwisha, na hakuna mfadhili anayekuja kukata utepe mbele ya katoni ya glovu.

Mahali pa kuanzia tunapo tayari. Tangu 2023 mpango wa Dishi na County unawalisha watoto wa shule za umma Nairobi, mzazi akichangia shilingi 5 kwa mlo. Watoto wako pamoja, kila siku ya shule, wametoka kula. Mswaki na dawa yenye floridi baada ya mlo huo vingefika kwa watoto ambao gari la meno lingechukua miaka kuwazungukia. Na wahudumu wa afya ya jamii 100,000 waliokabidhiwa mikoba mwaka huohuo, yenye simu na vipimo vya presha na sukari, wangeongezewa kioo cha meno na mafunzo ya siku chache.

Floridi hiyohiyo, ikizidi, ni tatizo la pili la nchi hii. Utafiti huohuo wa 2015 ulikuta asilimia 41.4 ya watoto wana meno yaliyoharibiwa na floridi iliyozidi, kwa sababu ya maji ya ardhini. Nakuru wanalijua hili. Programu ya maji ya Dayosisi ya Kikatoliki huko imekuwa ikichuja floridi kwa mkaa wa mifupa kwa miaka mingi. Nairobi tunajifanya hatulijui, ilhali kati ya 2020 na 2022 NMS, taasisi iliyoendesha huduma za jiji wakati huo, ilichimba visima vingi katika mitaa ya mabanda, na visima vingi vya Nairobi vina floridi nyingi. WHO inataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kipimo chake ni rahisi, na majibu yake yangeandikwa kwenye tangi ambapo anayechota anaweza kuyasoma.

Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na kabla yake kaunti hulazimika kusikiliza maoni ya wananchi kuhusu bajeti. Ukienda kwenye mkutano huo Makadara au Embakasi, usiulize viti vingapi vya meno vitanunuliwa. Uliza kama kituo chako cha afya kina fungu la glasi ionoma na la dawa ya kupaka kwa miezi 12 yote, ni nani aliyeajiriwa kuvitumia, na kama mshahara wake unatoka kwenye bajeti hiyo au kwa mfadhili anayeondoka Desemba.