Acheni Kuabudu Gramu: Mto wa Kupuliza si Mashindano ya Mizani

Najua wengi mlikuwa mnangoja sehemu ya pili ya ile makala ya hifadhidata. Itakuja, msijali. Leo nimekasirika, na kilichonikasirisha ni mto.

Siyo Mto Tana wala Mto Athi. Mto wa kulalia. Ule wa kupuliza kwa mdomo, unaokunjwa ukawa kama ngumi na kutiwa kwenye begi la safari.

Mambo yalianza hivi. Rafiki yangu tuliyesoma naye chuoni, naye ni mwandishi wa programu kama mimi, anajiandaa kupanda Mlima Kenya kwa njia ya Sirimon. Akaniomba nimsaidie kuchagua mto wa kupuliza. Alikuja na jedwali. Lilikuwa jedwali zuri kwa kweli: mito kumi na minne, kila mmoja na uzito wake, bei yake, na nyota ulizopewa na wanunuzi. Alikuwa ameipanga kwa uzito, mwepesi zaidi juu kabisa, na huo wa juu ndio aliotaka kuununua.

Nikamuuliza, "Wewe hulala chali au ubavu?" Akanyamaza. Nikamuuliza tena, "Umepima bega lako?" Akacheka. Alidhani natania.

Sikuwa natania hata kidogo. Hoja yangu leo ni moja, na niko tayari kuitetea mbele ya yeyote: uzito ndicho kipimo cha mwisho cha kuchagulia mto. Wauzaji, wachambuzi wa mitandaoni, na sisi wapenda namba tumekifanya kuwa cha kwanza kwa sababu moja tu, kwamba ni rahisi kukipima. Unaweka mto kwenye mizani, unasoma namba, umemaliza. Usingizi hauwekwi kwenye mizani.

Hesabu ya kijiko cha chai

Tuchukue mfano wa mito inayojulikana. Kampuni ya Sea to Summit ina mto uitwao Aeros Ultralight, ambao ule wa ukubwa wa kawaida una takriban gramu 60. Inao pia ndugu yake, Aeros Premium, wenye kitambaa kizito zaidi na laini zaidi shavuni. Huo una takriban gramu 80. Tofauti ni gramu 20.

Gramu 20 ni nini? Kijiko kimoja cha chai cha maji ni mililita 5, yaani gramu 5. Kwa hiyo watu wazima, wenye digrii na kazi, wanakesha wakibishana juu ya vijiko vinne vya maji. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, na kila anayepanda mlima hubeba lita mbili au tatu bila kulalamika. Ukinywa mafunda mawili kabla ya kuanza safari, tofauti yako ya gramu imekwisha. Shingo iliyokauka, nayo, utaibeba siku tatu.

Ugonjwa huu tunaujua

Sisi wa fani hii tulipaswa kuwa wa kwanza kuutambua ujinga huu. Nani hajawahi kufanya kazi chini ya bosi anayepima kazi kwa idadi ya mistari ya msimbo? Unajua kinachofuata. Watu wanaandika mistari mingi. Kazi ya mistari kumi inakuwa ya mistari mia, hitilafu zinazaana kama panya, na ripoti ya mwisho wa mwezi inapendeza ajabu. Namba imepanda, programu imeoza.

Mito nayo ni vivyo hivyo. Ukiwaambia watengenezaji kwamba unanunua kwa gramu, watakupa gramu. Watapunguza kitambaa mpaka shavu lako lilale juu ya plastiki tupu inayotoa jasho na kulia kwaru-kwaru kila ukigeuka. Watapunguza upana mpaka kichwa kianguke pembeni. Watapunguza kimo. Watakuwekea vali ndogo kama ya mpira wa ufukweni. Kisha watachapisha namba kubwa juu ya paketi, nawe utashangilia.

Mama na jiwe

Sasa nieleze kwa nini jambo hili limenigusa mpaka nikaliandikia.

Mama yangu anakaa Kilifi. Ana maumivu ya shingo ya muda mrefu, na mwaka jana ilibidi aje Nairobi kliniki. Kwa vile mimi ndiye mtoto wa kompyuta, nikamtumia mto wa kupuliza wa shingo, ule wenye umbo la kiatu cha farasi. Niliuchagua vipi? Kwa gramu na nyota, kama rafiki yangu. Siwezi kumlaumu mtu kwa kosa ambalo nililifanya kwanza mwenyewe.

Mama alipanda basi la usiku Mombasa. Kijana wa jirani aliyemsindikiza akampulizia mto vizuri, ukajaa. Walipofika Mtito Andei mto ulikuwa umeanza kukaza. Walipokaribia Nairobi ulikuwa mgumu kama jiwe na unamsukuma kichwa mbele. Akajaribu kutoa hewa kidogo. Ile vali ilitaka ubonyezwe shina lake kwa vidole viwili huku ukiminya mto, gizani, basi likirukaruka. Vidole vya mama ni vya mtu wa miaka sitini na tisa. Akashindwa. Akauvua, akauweka chini ya kiti, akakunja leso yake na kuilalia kwenye dirisha.

Asubuhi nilipompokea hakuweza kugeuza shingo kunitazama. Na neno lake la kwanza baada ya salamu lilikuwa, "Nisamehe mwanangu, nadhani nimekuharibia mto wako."

Jamani. Mama ananiomba msamaha mimi.

Hakuharibu chochote. Mto ulifanya kile ambacho Robert Boyle alikieleza mwaka 1662: shinikizo la nje likipungua, hewa iliyofungiwa hutaka nafasi zaidi. Mombasa iko usawa wa bahari. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu yake, na huko shinikizo la hewa ni takriban asilimia 81 ya lile la pwani. Hewa ile ile iliyojaa vizuri Mombasa hutaka nafasi zaidi kwa zaidi ya moja ya tano ikifika Nairobi. Mto hauna pa kupanukia, kwa hiyo unakaza. Ukisafiri kinyume, kutoka Nairobi kwenda pwani, mto ule ule unanyong'onyea, nawe unaanza kutafuta tobo ambalo halipo.

Maelezo ya paketi hayakusema hata neno moja kuhusu hili. Lakini gramu yalizitaja, mara tatu.

Mlimani nako

Rafiki yangu akasema, "Hayo ni ya basi. Mimi naenda mlimani." Haya, twende mlimani.

Njia ya Sirimon ina kambi mbili maarufu: Old Moses, kwenye mita 3,300 hivi, na Shipton's, kwenye mita 4,200 hivi. Kutoka Shipton's watu huamka usiku wa manane kuelekea Point Lenana, mita 4,985. Huko Shipton's shinikizo la hewa ni karibu asilimia 60 tu ya lile la baharini. Kupuliza mto kupitia vali nyembamba, ukiwa umeshatembea siku nzima, ni njia nzuri ya kupata kizunguzungu.

Kisha kuna baridi. Pumzi yako ina joto la nyuzi 34 hivi. Usiku ukishuka hadi sifuri, hewa iliyo ndani ya mto hupungua ujazo kwa karibu asilimia 11, na mvuke wa pumzi hugeuka matone, kwa hiyo hupungua zaidi. Saa tano usiku kichwa chako kimeshaugusa mkeka. Mtu anaamka akilaani kampuni kwamba imemuuzia mto wenye pancha, anarudi nyumbani na kuutolea nyota moja. Na yule aliyelala kwenye hoteli yenye joto anautolea nyota tano. Ukijumlisha ujinga wa hawa wawili na kugawa kwa mbili unapata nyota tatu, na hiyo ndiyo namba iliyokuwa kwenye jedwali la rafiki yangu!

Wapinzani wangu

Nawajua. Wako wa aina mbili.

Wa kwanza husema, "Mto wa nini? Kunja koti." Nimewasikia. Koti lina gramu sifuri za ziada, na mahali pengine ni jibu zuri. Lakini kwenye mita 4,200, usiku, koti lako liko wapi? Umelivaa. Sweta umelivaa. Kila ulichobeba umekivaa. Na ukiwa ufukweni Watamu, hukubeba koti hata moja. Ushauri wa koti unakufaa tu usiku ule ambao baridi ni ya wastani na wewe ni mkaidi wa wastani.

Wa pili husema, "Gramu hujumlika. Ishirini hapa, ishirini pale, mwisho ni kilo." Hoja hii naiheshimu. Anayetembea wiki mbili na mzigo wake mwenyewe mgongoni ana haki ya kuhesabu. Lakini ahesabu kwa mpangilio: kwanza hema, begi la kulalia, viatu, na ule umeme wote anaobeba ili achaji simu. Nilimuuliza rafiki yangu kama kompyuta yake ya mapajani inaenda mlimani. Akasema ndiyo, "kwa dharura". Hiyo peke yake ni kilo moja na nusu. Halafu unaniletea vijiko vya chai?

Basi tuchague vipi?

Maneno bila kazi ni kelele. Hivi ndivyo ninavyochagua sasa, kwa mpangilio huu:

1. Kimo. Ukilala ubavu, mto unapaswa kujaza nafasi kati ya sikio na ncha ya bega. Simama ukutani, mtu akupime kwa rula. Wengi watapata kati ya sentimita 10 na 15. Ukilala chali unahitaji pungufu ya hapo. Kumbuka bega huzama kidogo kwenye godoro.

2. Vali. Iwe pana, iwe na kizuizi kinachozuia hewa kurudi unapopumzika kupuliza, na iwe na njia ya kutoa hewa kidogo kidogo kwa kidole kimoja. Ijaribu macho yakiwa yamefumbwa. Kama huwezi gizani, huwezi.

3. Uso wa mto. Kitambaa, siyo plastiki tupu. Kama tayari una wa plastiki, uvalishe fulana. Fulana hiyo pia huuzuia kuteleza usiku.

4. Matengenezo. Mito iliyopakwa TPU ndani hukubali kiraka vizuri. Tobo hutafutwa kama fundi wa baiskeli anavyotafuta pancha: maji, sabuni, na kuangalia mapovu. PVC ya bei rahisi hukakamaa kwenye baridi na kupasuka mikunjoni.

5. Uzito. Ndiyo, hapa, namba tano. Kati ya miwili iliyofaulu yote ya juu, chukua mwepesi.

Na namna ya kuutumia: usiujaze pomoni. Nusu na ushee yatosha, kisha ongeza ukiwa umelala. Ukipanda mwinuko, toa kidogo. Ukishuka au baridi ikizidi, ongeza. Ule wa shingo, jaribu kuugeuza, uwazi uwe nyuma na unene uwe chini ya kidevu, ili kichwa kisisukumwe mbele. Ukirudi nyumbani uache vali wazi siku mbili tatu ukauke, maana pumzi yako imejaa unyevu, na unyevu huzaa ukungu.

La muhimu kuliko yote: ulalie usiku mzima nyumbani, sakafuni, kabla ya safari. Siyo dakika tano dukani. Hakuna mwandishi wa programu mwenye akili anayepeleka kazi kwa mteja bila kuijaribu. Kwa nini unaipeleka shingo yako mlimani bila majaribio?

Rafiki yangu hatimaye alipima. Sentimita 13. Ule mto wake wa juu kabisa una kimo cha sentimita 8. Alinunua ulio nafasi ya saba kwenye jedwali lake, na wiki hii analala sakafuni sebuleni huku mkewe akimcheka.

Mama naye nilimnunulia mwingine, wenye vali pana. Nilikaa naye barazani, nikamfumba macho kwa leso yake ile ile, tukafanya mazoezi mpaka akaweza kwa kidole kimoja. Mwezi uliopita alikuja tena kliniki. Nikamuuliza safari ilikuwaje. Akasema walipofika Mtito Andei mto ulianza kukaza, akabonyeza kidogo, akalala mpaka Nairobi.

Hakuniambia una gramu ngapi. Wala mimi sijaupima.