*TAMKO LA TAWI: NGAZI YA KODI ISIISHIE MILIONI MOJA*



Tangu Jumapili makundi yetu ya WhatsApp yamewaka moto kwa swali moja: je, matajiri walipe kodi kubwa zaidi ya mapato? Wapo walioandika kwamba tunataka kuwakomoa waliofanikiwa. Wapo waliosema matajiri hawalipi kitu. Kamati ya utendaji ya tawi ilikaa jana usiku, na huu ndio msimamo tunaotaka kuupeleka kata, kisha wilaya, kabla bajeti haijasomwa Dodoma mwezi Juni.

Tuanze na hesabu, maana watu wanagombana bila kuiangalia. Kwa viwango vya PAYE vya mwaka wa fedha 2025/26, mshahara hadi 270,000 kwa mwezi haukatwi. Kutoka hapo hadi 520,000 ni 8%, hadi 760,000 ni 20%, hadi 1,000,000 ni 25%. Kila shilingi inayozidi milioni moja inakatwa 30%. Ngazi imeishia hapo.

Yaani ndani ya milioni moja ya kwanza tuna vipandio vinne, vimepangwa karibu karibu kama vya kupandia darini. Ukishavuka milioni moja, hakuna kipandio tena hata ulipwe milioni mia. Karani wa benki anayebakiwa na 1,200,000 baada ya makato ya pensheni na mkurugenzi wa milioni 60 wanakatwa shilingi yao ya mwisho kwa kiwango kilekile. Serikali inamtofautisha mtu wa laki tano na mtu wa laki nane, lakini mtu wa milioni moja na laki mbili na mtu wa milioni 60 inawaona wamoja!

Ni kweli mkurugenzi huyo analipa nyingi. Kwa milioni 60 anakatwa takribani 17,828,000 kwa mwezi. Anayesema matajiri wa mishahara hawalipi kitu anapotosha, na tawi halitapeleka uongo wilayani. Swali letu ni kama zile milioni 42 zinazobaki mkononi zinaweza kuchangia zaidi kidogo kuliko zinavyochangia leo. Kamati inasema zinaweza.

Pendekezo letu: kiongezwe kipandio kimoja, 35% kwa kila shilingi inayozidi milioni 10 kwa mwezi. Asiyefika milioni 10 haguswi hata senti. Mkurugenzi wetu wa milioni 60 ataongeza 2,500,000 kwa mwezi. Sasa linganisheni. Mtumishi wa umma wa kima cha chini, ambacho kilipanda hadi 500,000 Julai 2025, akishatoa 5% ya pensheni anakatwa PAYE ya 16,400. Nyongeza ya mtu huyo mmoja ni sawa na PAYE ya mwezi ya watumishi zaidi ya 150 wa kima cha chini. Kwa hiyo pendekezo lina sehemu ya pili: fedha hiyo itumike kuinua kile kiwango cha chini kisichokatwa. Hiyo 270,000 iliwekwa Julai 2020. Bei ya unga na nauli haijakaa ilipokuwa mwaka ule.

Mwanachama mmoja ameuliza, mbona hamkudai 45%, kama Afrika Kusini? Swali zuri, na jibu lake liko kwa wenye kampuni. Mwenye kampuni anaweza kuamua ajilipe mshahara au achukue gawio. Kampuni yake inalipa 30% ya faida. Inayobaki ikigawiwa, anakatwa 10% nyingine kama kampuni haiko Soko la Hisa. Katika kila shilingi 100 za faida, 37 zimekwenda kodi. Ukiweka kodi ya mshahara 45%, mhasibu wake atamshauri ajilipe mshahara mdogo na achukue gawio kubwa, nasi tutabaki na sheria nzuri isiyomkamata mtu. Kwa 35% hana sababu ya kuhama.

Kuna hofu kwamba wenye fedha watakimbia nchi. Wakimbilie wapi? Kenya inakata 35% juu ya shilingi zao 800,000 kwa mwezi, tangu Julai 2023. Uganda imefika 40% kwa wanaozidi milioni 10 zao, na hilo si jambo la jana. Wakubwa wa Nairobi hatujawaona wakipanga foleni Namanga kuja kuishi kwetu.

Wafanyabiashara wadogo msidhani tumewasahau. Ninyi mnalipa kwa kuangalia mauzo, hata mwezi ambao faida haikuonekana, na Kariakoo ilipofunga maduka Juni 2024 ujumbe ulisikika. Hilo tutaliandikia tamko lake. Tukilichomeka hapa, wilaya wataacha yote mawili.

Limebaki jambo ambalo watu wanalisema pembeni. Baadhi ya wanachama wetu wenye uwezo wamenuna, na bati za ofisi hii zilitoka kwa mmoja wao. Tunamheshimu na tunamshukuru. Lakini mchango wa bati haununui msimamo wa tawi. Aje kwenye kikao aseme hoja yake mbele ya wote, atasikilizwa kama mwalimu na dereva wa bodaboda watakavyosikilizwa.

👉 Kikao ni Jumapili hii, saa 9 alasiri, ofisi ya tawi. Mwenye ajira aje na hati yake ya mshahara ya mwezi uliopita. Jina unaweza kulifunika, tunahitaji tarakimu tu. Kura itapigwa kwa kunyoosha mkono, na pendekezo likipita litaandikwa palepale na kusainiwa. Tuma ujumbe huu kwa mabalozi wako wote.

Imetolewa na:
Katibu Mwenezi wa Tawi, kwa niaba ya Kamati ya Utendaji